Ndoo Mbili Kando ya Tanuri

Jumapili, 7 Septemba 2014

Daftari langu, hujambo? Umelalaje huko chini ya godoro wiki nzima? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto na hili joto. Usininunie. Kurasa zako za mbele zimejaa mahubiri, hizi za nyuma ni za mimi na wewe tu. Huku nyuma hakuna anayefungua.

Leo ibada ilikuwa ndefu. Joto! Bati linalia ta-ta-ta kama mahindi kikaangoni. Watu wa mbali wanasema Kibondo kuna baridi. Waje Septemba, mvua haijaanza na vumbi limejaa puani, halafu waniambie.

Mchungaji Nathaniel ametangaza jambo. Mwaka jana matofali yetu mabichi yalinyeshewa yote. Mvua ya Septemba, isiyo na adabu, usiku mmoja tu — yakarudi udongo. Wamama tulilia kama tumefiwa. Mwaka huu tumefyatua upya, yamekauka, yanangoja tanuri. Sasa kanisa litafunga. Mfungo mkavu! Kuanzia Alhamisi mpaka tanuri lizibwe Jumapili, toka alfajiri hadi jua kuzama, chakula hapana, maji hapana. "Sisi tusitie maji kinywani, na Bwana asitie maji kwenye matofali yetu." Ndivyo alivyosema. Kanisa zima: Amina! Na mimi nikasema Amina. Mama mlezi wa kwaya akisema Amina inasikika.

Aliyepeleka wazo kwa Mchungaji ni mzee wa ujenzi. Mzee wa ujenzi ni Gasper. Gasper ni mume wangu. Basi.

Nyumbani nikamuuliza. Baba Longinus, kufunga sawa, tumefunga sana katika maisha haya. Lakini kufunga huku tumebeba matofali kichwani? Huku wewe unachochea moto? Akasema Mungu ni mwaminifu. Nikasema najua ni mwaminifu, mimi nauliza habari ya maji. Akacheka. Akasema nina maswali kama karani wa sensa.


Jumanne, 9 Septemba 2014

Nesi Kuruthumu amepita kuchukua asali. Huyu jirani yetu ni mtu wa Pangani, serikali imemleta huku mwaka wa tatu sasa, na bado analalamika kwamba Waha hatujui kupika wali. Namvumilia. Ana moyo mzuri.

Nikamwambia habari ya mfungo. Akaweka chupa chini.

"Mama Longinus, na mimi nafunga. Mwezi mzima, juzijuzi tu nimemaliza, umeniona. Lakini kwetu mgonjwa hafungi, msafiri hafungi, anayenyonyesha ana ruhusa. Na sijapata kuona mtu anafunga halafu anakwenda kukaa mdomoni mwa tanuri!"

Akauliza Gasper anatumia dawa gani ya presha. Ile ya kukojoa? Ndiyo, ile. Akashika kiuno. Dawa inatoa maji, jua linatoa maji, tanuri linatoa maji — anayerudisha ni nani?

Akanieleza polepole, nami nayaandika nisije nikasahau. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu, miguu ikikaza, akitapika, jasho likimtiririka na ngozi iwe ya baridi — hapo bado ni wako. Mtoe juani, mlegeze nguo, mloweshe, mpepee, mpe maji kidogo kidogo yenye chumvi kiasi na sukari. Lakini akianza kuongea yasiyoeleweka, au mwili unawaka na jasho limekata — hapo hospitali, na wakati gari linatafutwa mmwagie maji mwilini. Mdomoni usimmiminie, atapaliwa. "Muulize wewe ni nani. Akikosa, kimbia."

Nikasema sukari sina, nina asali. Akasema asali ya Gasper? Basi wewe ni tajiri.

Gasper aliporudi nikamweleza yote. Akanisikiliza, sikatai. Akasema Kuruthumu ni mtu mwema lakini si wa imani yetu. Nikamuuliza, na figo zako ni za imani gani? Akala ugali wake wa muhogo, akaomba maharage zaidi.


Alhamisi, 11 Septemba 2014

Nina hasira. Nitaandika vibaya.

Tulianza vizuri. Alfajiri kilimani kulikuwa na ukungu, tunaimba, ngata kichwani, matofali manne manne, kutoka yalipoanikwa mpaka Gasper anapopanga tanuri. Raha! Nikasema moyoni, kumbe mimi ndiye mwoga. Saa nne ukungu ukaisha. Saa tano ardhi ikaanza kuunguza nyayo. Hakuna kivuli pale juu, miti yote tumeikata kwa ajili ya tanuri hilohilo.

Divine alikuwa anaongoza wimbo. Divine ni binti wa Esteri, rafiki yangu wa miaka yote, tangu walipokuja toka Burundi, Divine akiwa mgongoni kwake. Sasa ana sauti inayotoboa bati. Akaanza ubeti wa tatu, akakata katikati. Tukadhani amesahau maneno. Nikamgeukia — uso umekuwa wa kijivu, jasho linadondoka kidevuni. Akakaa juu ya matofali. Akatapika kitu cha njano. Akaanguka.

Mzee Stanislaus, mzee wa kanisa mwenzake Gasper, akapiga kelele: "Pepo! Pepo hataki kanisa lijengwe!"

Wakamzunguka. Wote! Wanaume kwa wanawake, duara nene, mikono juu, wanakemea. Jua la saa sita na binti katikati kama chungu kwenye mafiga. Mchungaji amemshika kichwa, anapaza sauti, na midomo yake mwenyewe imepasuka — anafunga kweli yule kijana, si mnafiki, hilo namshuhudia. Esteri amesimama pembeni ameshika mashavu, ananiita mimi. "Loyce we! Umwana wanje! Mwanangu!"

Sijui nguvu nilitoa wapi. Nilimvuta Mzee Stanislaus kwa koti. Nikasema tokeni, mnamzibia hewa! Pepo gani huyu anatoka jasho? Nikamshika Divine kwapani, Esteri miguuni, tukashuka naye mpaka migombani kwangu. Nikamlegeza kitenge, nikafungua blauzi. Esteri akakimbilia jikoni, akarudi na dumu la maji, chumvi, na chupa ya asali. Kanga ya maji kifuani, nyingine napepea. Alipofungua macho nikampa kijiko. Kingine. Kingine. Polepole, kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Baadaye sana akanong'ona: "Mama mlezi, nimeharibu wimbo?"

Nikacheka nikalia.

Unadhani kule juu walishangilia? Niliporudi kueleza kwamba binti ni mzima, walinitazama kama mwizi. Mzee Stanislaus akainua uso mbinguni, akatafuta, akaona kawingu kamoja kama kipande cha pamba. Akakaonyesha kwa kidole. "Haya. Mfungo umeshavunjwa. Sasa tuone matofali."


Ijumaa, 12 Septemba 2014

Nimeitwa kikao cha wazee.

Mchungaji aliongea kwa upole. Tumshukuru Mungu Divine anaendelea vizuri. Ila mama mlezi hawezi kuwa wa kwanza kuvunja agano la kanisa zima. Mzee Stanislaus akadakia: kama nataka kunywesha watu nifungue mgahawa. Wakacheka.

Nikamwambia, "Nikifungua, Mzee wangu, mteja wa kwanza ni wewe. Jua likizama tunaona unavyoteremka kile kilima, hata mbuzi wanakupisha." Hapo Mchungaji mwenyewe akainama kuficha meno.

Lakini kucheka si kusamehe. Uamuzi: nisiongoze kwaya. Nikae benchi la nyuma mpaka nitakapotubu mbele ya kanisa. Nikauliza, nitubu nini — chumvi, au asali? Mchungaji akafunga kikao kwa sala.

Gasper alikuwepo. Alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwa Mchungaji. Aliitazama kofia yake mwanzo mpaka mwisho.

Ninashuka nyumbani, tap. Tap, tap. Matone! Machache tu, vumbi likanuka ule unuko wake. Watu wakatoka milangoni — hawatazami juu, wananitazama mimi! Uwimana wa kwaya akaanua nguo zake kwa fujo, mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ya kunifikia: "Haya jamani, mwenye mvua yake huyo anapita!" Kabla sijafika kwangu yakawa yamekatika. Matofali yalikuwa na turubai, hakuna hata moja lililolowa. Lakini nani anasikia?

Gasper akarudi jua linazama. Akasema nimemwaibisha mbele ya wazee. Nikamwambia, ulimwona Divine. Akasema nilimwona. Nikasema, kesho unawasha tanuri, utakaa mdomoni mwake siku mbili, na unakunywa dawa ya kutoa maji. Akasema dawa ameiacha kwanza, ni sehemu ya mfungo. Mungu wangu! Nikasema basi ndiyo vibaya zaidi. Akasema, Mama Longinus, maneno yamekwisha.

Sawa. Nikachota maji ya kunywa, nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili kama siku zote. Tukigombana napiga goti, tukipatana napiga goti. Akapokea. Alikuwa amenuna lakini akapokea. Mama mkwe, Mungu amrehemu, aliniambia wiki ya kwanza ya ndoa: mwanamke wa kwetu hapigi goti bure, mwanaume asipopokea kikombe mkononi mwa mke aliyepiga goti, amemwambia afunge mizigo arudi kwao. Gasper hajawahi kuniacha na kikombe hewani. Kwa hilo ni mwanaume.

Kabla ya kuomba nimesoma ile habari ya mfalme aliyewaapisha askari wake wasionje kitu mpaka jioni, na vita inaendelea. Watu wakazimia njiani. Mwanawe hakusikia kiapo, akachovya ncha ya fimbo kwenye asali, akaonja, macho yakapata nuru. Akasema baba yangu ameitaabisha nchi. Nimeisoma tangu nikiwa msichana wa kipaimara. Leo ndiyo imenisoma mimi! Asali, jamani. Na Gasper ana mizinga kule porini kuliko wote mtaani.

Kesho napanda na ndoo.


Jumamosi, 13 Septemba 2014

Nimepanda. Tena nimepanda mapema, kabla hawajaniona.

Ndoo mbili. Moja maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo, asali, na ndimu za Esteri. Nyingine maji ya kulowesha kanga. Tukafunga turubai letu la kuanikia muhogo kwenye nguzo nne, mbali na moshi. Kivuli safi. Nikapanga vikombe vyangu vya harusi, vile vya maua ambavyo hata Askofu hajavinywea. Nikakaa. Esteri akakaa. Divine tumemwacha nyumbani kwa nguvu.

Tanuri likawashwa. Gasper yuko mdomo wa kati, anasukuma magogo kwa mti mrefu. Nikimtazama toka pale, hewa mbele yake inacheza kama maji. Hakunitazama.

Hakuja mtu. Wamama wanapita na madebe ya udongo wa kukandikia tanuri, shingo zimegeukia upande mwingine kama wote wamelalia vibaya. Mzee Stanislaus akapita akasema, "Nabii wa ndoo! Leo umetabiri nini?"

"Nimetabiri utaumwa kichwa saa nane, Mzee. Karibu."

Esteri akaniambia tutakaa hapa mpaka asali ichachuke, tulewe sisi wawili. Tukacheka mpaka Mchungaji akageuka.

Halafu! Saa sita imepita, anakuja Uwimana. Huyohuyo wa jana, mwenye mvua yake anapita. Mtoto mgongoni amelegea. Anatembea ameinama, anapekua nyasi. Kiatu cha mtoto kimepotea, anasema, kwa sauti kubwa ili kule wasikie. Akafika kwenye ndoo. Akashusha sauti.

"Mama mlezi, hiyo ya asali — ni dhambi kiasi gani?"

Nikamwambia kikombe kimoja, dhambi kikombe kimoja. Wewe unanyonyesha, chukua viwili.

Akanywa amewapa mgongo. Macho yakapata nuru, niliyaona! Nikamlowesha mtoto kichwani. Akaenda. Baada ya hapo sijui kulitokea nini na viatu vya watoto wa kanisa letu. Kila mama kapoteza kiatu, na kila kiatu kimepotelea upande wangu. Wengine hawana hata watoto wadogo!

Mama Mchungaji naye alikuja. Herieth, binti mdogo, mpole, wametoka Kasulu mwaka juzi. Akasimama. Akauliza kama turubai linatutosha. Nikasema linatosha, ingia. Akatazama ndoo kwa muda. Akaondoka hajanywa. Nilimwonea huruma kuliko wote, maana yeye hana pa kupotezea kiatu.

Wanaume — hakuja hata mmoja. Gasper nilikuwa namhesabia jasho. Linatiririka, shati limeganda mgongoni. Nesi alisema jasho ni dalili mwili bado unapigana. Basi nikawa naomba: Baba, mwache atoke jasho.

Jua lilipozama akanywa jagi zima, akarudi motoni. Moto hauachwi.

Na andika hili, daftari: wamama wamekunywa mchana kutwa na mvua haikunyesha. Hata tone!


Jumapili, 14 Septemba 2014

Naandika nikiwa chini ya turubai. Herufi zinaruka, nisamehe. Nesi Kuruthumu amenisogeza: "Mama Longinus, mpishe hewa, shika hata kalamu." Kikapu changu cha ibada kiko hapa, daftari limo. Basi nashika kalamu. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Ibada tulifanyia hukuhuku kilimani, kwa sababu ya moto. Benchi la nyuma. Nikakaa nyuma. Nikaimba alto kutoka hukohuko nyuma, kwa nguvu zote — nilikatazwa kuongoza, sikukatazwa kuimba. Kwaya ikawa inanifuata mimi, mwalimu wa kwaya anapunga mikono bure.

Mahubiri yalikuwa ya wale vijana watatu waliotupwa tanurini. Mchungaji akasema hawakuomba maji! Nikasema kimoyomoyo, walikuwa na wa nne wao humo ndani, aliyewakinga moto. Wa nne wetu leo nani, kama kila anayekuja na maji anapelekwa benchi la nyuma?

Gasper hakukaa ibadani. Alikuwa mdomoni mwa tanuri. Nikamtazama juu ya vichwa vya watu. Shati lilikuwa limekauka.

Nikadhani sijaona vizuri. Nikasogea. Limekauka kweli, chumvi nyeupe imechora ramani mgongoni. Uso mwekundu, umevimba. Akawa anaita: "Leteni matofali ya juu! Mbona hamleti matofali?" Tanuri limefungwa juu tangu juzi. Kijana mmoja akacheka, akadhani mzee anatania. Halafu Gasper akashika gogo akatembea nalo — si kuelekea moto, anateremka nalo kilima.

Nikachota kikombe. Cha maua. Nikapita katikati ya ibada, Mchungaji anahubiri, sikupinda. Nikamkuta mume wangu, nikamwambia weka gogo. Akaniangalia kama mtu wa sokoni. Akasema hanywi, kanisa linamwona.

Nikasema, "Ndiyo, linatuona."

Nikapiga goti.

Pale penye vumbi, goti hilohilo bovu, kikombe mikono miwili, kichwa chini. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Mahubiri yakakatika. Nilisikia tu moto unavyoguruma. Mzee Stanislaus akasema, "Mama Longinus, inuka, usimjaribu mumeo." Sikuinuka. Kikombe kikainama, asali inamwagika kwenye vidole. Kama ananirudisha kwetu, anirudishe. Nitafunga mizigo. Lakini aniambie akiwa hai!

Muda gani, sijui.

Akapokea.

Sijui alinijua, au ni mikono tu ndiyo iliyozoea. Miaka yote hii inapokea. Akanywa mafunda mawili, nikayasikia yanavyopita kooni. Halafu magoti yake nayo yakashuka, tukawa tumepiga goti wote, tunatazamana. Halafu akaanguka ubavu.

Nikaita Esteri. Safari hii hakuna aliyekemea pepo. Tulimbeba mpaka hapa kivulini, tukamvua shati, tukammwagia ile ndoo ya pili yote, kifua, kwapa, shingo. Divine akakimbia barabarani, akapanda pikipiki kumfuata Nesi. Nilimsukuma Mzee Stanislaus ili nipate nafasi ya kupepea, na nilipogeuka niliona ameshika kanga na yeye, anapepea upande wa miguu, analia kama mtoto. Nilimpa kanga kubwa zaidi.

Na nyuma yetu — nilisikia kwanza vikombe vinagongana. Uwimana alikuwa kwenye ndoo. Akachota, akaenda kwa mumewe aliyekuwa mdomo wa kulia, akapiga goti. Mtoto mgongoni. Akaja mwingine. Vikombe vikaisha wakatumia vifuniko vya madumu. Pale mbele ya tanuri, mmoja mmoja, wamama wangu wa kwaya, goti chini. Na wanaume wamesimama na masizi usoni, wanamtazama Mchungaji, wanamtazama Gasper amelala hapa. Mume wa Uwimana ndiye alipokea wa kwanza.

Mama Mchungaji amesimama kwenye ndoo sasa hivi, ninavyoandika. Ameshika kikombe kimejaa. Mumewe yuko mbele yake hatua chache, Biblia kwapani, midomo ile iliyopasuka. Hajapiga goti bado. Simlaumu. Mimi nimeolewa zamani, yeye juzi.

Moto hauchochewi. Mdomo wa kati unafifia. Wingu limeinuka upande wa Kakonko, na safari hii si pamba, ni jeusi. Watu wanatazama juu kisha wananitazama. Tazameni! Inyeshe ikitaka. Tofali likirudi udongo tunafyatua tena, mikono tunayo, udongo ni wa Mungu. Gasper hafyatuliwi mara ya pili. Na nikiulizwa kesho kama natubu, jibu nimeshaliandika hapa.

Nesi ameshika mkono wake, anatazama saa. Gari la hospitali limepigiwa simu, linakuja. Anamuuliza: Baba, huyu ni nani? Ananionyesha mimi. Mara ya kwanza Gasper alisema mama. Mama yake tulimzika zamani. Mara ya pili alisema nimwambie Longinus alete magogo. Longinus yuko Kasulu, anafundisha.

Nesi anasema tumloweshe tena. Tumemlowesha. Paji la uso lina unyevu. Sijui ni jasho au ni maji ya ndoo. Nimeuliza, Nesi amesema ngoja.

Amefungua macho. Amenigeukia.

Nimesogea sikioni kwake, daftari juu ya paja. Baba Longinus, achana na tanuri. Achana na wazee. Mimi ni nani? Nasikia gari linapanda. Nijibu upesi, baba, nijibu.